Re: Msamiati mgumu wa Kiingereza kwa mtihani wa OET, naomba ushauri

Kutoka: Dada M., Luton

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za huko. Baadhi yenu mnanijua: nilisomea uuguzi nyumbani, sasa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Luton huku nikijiandaa na OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, nikifaulu niendelee na usajili wa NMC, baraza la wauguzi la Uingereza. Kinachonisumbua ni msamiati. Nimenunua kitabu cha maneno magumu ya Kiingereza na kila nikitoka zamu nakaa nacho, lakini kukipambazuka karibu yote yameshayeyuka. Jana nilikuwa na "lugubrious" na "perspicacious". Anayenifundisha mtandaoni anasema bila maneno ya namna hiyo nisitegemee kupata B. Kuna mwenye orodha nzuri zaidi, au njia ya kukariri isiyochosha? Natanguliza shukrani.

Kutoka: Mama R., Coventry

> bila maneno ya namna hiyo nisitegemee kupata B

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kusoma baada ya zamu, najua miguu inavyowaka moto saa hizo. Kitabu hicho kiweke kando. Muda wako ni mchache, na maneno hayo hutayahitaji kwenye OET wala wodini. Sehemu ya kuandika ni dakika 45: tano za kusoma maelezo ya mgonjwa, 40 za kuandika barua ya maneno kama 180 hadi 200. Msahihishaji anaangalia kama daktari au nesi atakayeipokea atajua upesi mgonjwa ni nani, anaumwa nini na anatakiwa kufanyiwa nini. "Perspicacious" haina pa kukaa humo. Tena NMC wanataka B kwenye kusikiliza, kusoma na kuzungumza. Kwenye kuandika C+ inatosha.

Maneno ya kuyaogopa ni yale unayodhani umeshayajua. Chukua "acute". Kamusi itakupa "-kali", nawe utaelewa kwamba maumivu ni makubwa mno. Hospitalini maana yake ni tatizo lililoanza ghafla au la muda mfupi, na mwenzake ni "chronic", lililodumu. Ukali wenyewe wanauita "severe". Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na tatizo "chronic" lenye maumivu "severe", na mwingine akawa na kitu "acute" lakini "mild" tu. Ukiandika "acute" ukikusudia kali, umebadilisha historia ya mgonjwa, na atakayeipokea barua ataanza kutafuta ugonjwa mwingine.

"Elective" nayo. Kuna bibi mmoja wa kwetu nilimsindikiza kliniki. Barua yake ilisema "elective surgery", na mwanawe alikuwa amemsomea kwamba upasuaji ni wa hiari, akitaka afanye, asipotaka aache. Bibi wa watu akawa anawaza kuacha. Hapo "elective" ni upasuaji uliopangiwa siku yake, usio wa dharura, na unaweza kuwa wa lazima kabisa. Nilimweleza taratibu tukiwa kwenye viti vya kusubiria, naye akaniuliza, "Kwa hiyo wamenipangia kwa sababu nauhitaji?" Nikamwambia ndiyo bibi, unauhitaji. Familia zetu zinaamua mambo mazito kwa kutegemea neno moja kama hili, ndiyo maana nalishupalia.

Kwenye mafaili utakutana na mengi ya aina hiyo. "The patient denies chest pain": hakuna ubishi hapo, mgonjwa ameulizwa kuhusu maumivu ya kifua akasema hana. "Complains of" haina lawama ndani yake, ni lile linalomsumbua. Tumbo likiandikwa ni "tender", linauma likiguswa. Kipimo kikiwa "unremarkable", shukuru Mungu, hakikuonyesha kasoro. "Discharge" inaweza kuwa kuruhusiwa kurudi nyumbani, au majimaji na usaha unaotoka kidondani. Soma sentensi nzima kabla hujaamua.

Halafu yapo tunayoyabeba kutoka kwetu bila kujua. Sisi tunakunywa dawa, hata vidonge. Mwingereza ukimwambia "drink your tablets" anashangaa, kwake ni "take". Sisi tukisema mama ana presha, mtaa mzima umeelewa. Sema "she has pressure" wakati wa kukabidhiana zamu uone, wenzako watakimbilia kumkagua makalio na visigino, kwa sababu kwa manesi wa hapa neno hilo linawapeleka kwenye vidonda vya kulalia. Sema "high blood pressure", au "hypertension" ukiandika. Sukari vilevile, iite "diabetes".

Usisahau sehemu ya kuzungumza. Utapewa maigizo mawili, kila moja kama dakika tano, wewe ukiwa nesi na mwenzako akiwa mgonjwa au ndugu yake. Ukimwambia mgonjwa ana "oedema" (uvimbe) na "pyrexia" (homa) ukaishia hapo, unapoteza alama, maana wanapima kama umemweleza akaelewa. Mwambie "your ankles are swollen", mwambie "you've got a temperature". Yale mengine ni ya barua kwa daktari. Fanya mazoezi ya kuyapanga mawili mawili: neno la kumwandikia daktari, na la kumwambia mgonjwa.

Na kwa haya ya pili, mwalimu bora unaye hapo hapo kazini. Wazee wenu hawasemi "nausea", yaani kichefuchefu, wanasema "I feel queasy". "Poorly" ni kuumwa. "Off my food" hana hamu ya kula. "Waterworks" ni habari za mkojo, na "spend a penny" ni kwenda haja ndogo. Weka kidaftari mfukoni, andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, jina la mzee usiliandike. Nakuhakikishia hayo hayayeyuki, kwa sababu yana sauti ya mtu.

Kutoka: Baba J., Aberdeen

Mama R. amesema kweli, nami naongeza kwa ajili ya wanaofanya IELTS, mtihani wa Kiingereza wa watu wa fani zote, kwa sababu huko hali ni tofauti kidogo. Msamiati ni robo ya alama za kuandika, na anayetaka 7 lazima aonyeshe maneno yasiyo ya kila siku. Sharti lake ni kwamba yakae na wenzake yanayozoeana nao. Mvua kwetu ni kubwa, kwao ni "heavy". Uamuzi kwao ni "make", utafiti ni "do" au "carry out", na sisi yote tunafanya. Neno kubwa lililokaa mahali pasipo pake linakushusha kuliko neno dogo lililokaa vizuri. NMC wakipokea IELTS wanataka 7 kwenye kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 kwenye kuandika.

Orodha ipo, dada, na ni ya bure mtandaoni. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha Academic Word List: familia 570 za maneno yanayojirudia kwenye maandishi ya taaluma zote, ukiacha yale 2,000 ya kawaida kabisa. Familia hizo ni karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma, yaani katika kila maneno kumi unayosoma moja limo humo. Ni maneno kama "assess", "significant", "require", "indicate". Ukilijua "indicate" kama kuonyesha, utakwama ukisoma "antibiotics are not indicated", wanaposema hali ya mgonjwa haihitaji dawa hizo. "Contraindicated" ni zaidi: hatakiwi kupewa, zinaweza kumdhuru.

Mimi nipo maabara, na kilichoniokoa ni kuyakata maneno marefu vipande. "Cholecystectomy" ilinitisha hadi nilipoivunja: "chole" ni nyongo, "cyst" ni kifuko, "ectomy" ni kukata na kuondoa. Upasuaji wa kutoa mfuko wa nyongo, basi. Badilisha mkia uweke "itis" na mfuko huo huo sasa umevimba kwa ugonjwa. Jifunze mikia mitatu kwa pamoja kwa sababu inafanana mno: "otomy" ni kupasua, "ectomy" ni kuondoa, "ostomy" ni kufungua tundu. Pia ujue kiungo kimoja kinaweza kuwa na majina mawili, la Kigiriki na la Kilatini. Figo zikivimba ni "nephritis", zikishindwa kazi ni "renal failure".

Chunga sana "hyper" na "hypo". Kwa maandishi zinatofautiana, kwa masikio yetu, hasa kwenye simu yenye kelele, zinakaribia kuwa kitu kimoja, na "hyper" ni kuzidi, "hypo" ni kupungua. Ukipiga simu kuhusu mgonjwa wa kisukari, taja namba iliyosomeka kwenye kipimo na useme "low" au "high". Usione haya kurudia.

Kuhusu kusahau: Hermann Ebbinghaus aliandika mwaka 1885, baada ya kujipima mwenyewe, jinsi tunavyosahau sehemu kubwa mapema kabisa, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kukariri kwa mkupuo. Programu ya Anki inafanya kazi kwa msingi huo. Kwenye kompyuta na simu za Android ni bure, kwenye iPhone inalipiwa. Unatengeneza kadi: upande mmoja weka sentensi yenye pengo, usiweke neno peke yake. Pakua, dakika kumi kwenye basi zinatosha.

Kutoka: Kaka S., Minneapolis

Nawasomea kutoka huku. Wanaofikiria kuja Marekani kwa NCLEX, mtihani wa leseni ya uuguzi, wajue kwamba hata dawa zinabadilika majina. Paracetamol huku ni "acetaminophen", salbutamol ni "albuterol", pethidine ni "meperidine", adrenaline ni "epinephrine". "Theatre" wataelewa unazungumzia maigizo, useme "operating room". "Oedema" inapoteza herufi ya kwanza. Shemeji yangu alikuja na uzoefu mkubwa wa wodini, lakini wiki zake za kwanza alikuwa na kikaratasi cha majina haya nyuma ya kitambulisho, na msimamizi wake alipokiona akaomba kopi awape wageni wengine.

Kutoka: Dada M., Luton

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshapakua Anki na kuandika kadi za kwanza kutokana na yale ya Mama R. Leo mzee mmoja kaniambia "I came over all funny". Nimeuliza wenzangu, wamesema ni kujisikia vibaya ghafla, kama kizunguzungu. Mama R., naweza kukutumia barua moja ya mazoezi uipitie?

Kutoka: Mama R., Coventry

Tuma. Ijumaa nipo nyumbani. Pima muda kweli, dakika 45 simu ikiwa imezimwa, na usiisahihishe kabla ya kunitumia, nataka kuiona kama ilivyotoka. Huyo mzee mmempima presha akiwa amekaa na akiwa amesimama? Kama bado, mwambie nesi wa zamu leo hii hii.