Optare Solo: kwa nini toleo la kwanza liliachwa?

Mdadisi: Basi dogo la Optare Solo la Uingereza lina magurudumu ya mbele kabla ya mlango. Kwa nini liliundwa hivyo? Na mbona toleo la kwanza liliachwa likiwa bado linatumika sana?

Ekseli2: Lilizinduliwa 1997 kuchukua nafasi ya MetroRider, basi dogo la awali la Optare lililokuwa na ngazi mlangoni. Ukiweka mlango mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu), kama kawaida, abiria hupita katikati ya matao ya magurudumu, na kwenye basi jembamba kiti cha magurudumu kinabanwa. Solo ilisukuma magurudumu hadi mbele kabisa, dereva akakaa kati yake, mlango ukafuata nyuma. Sakafu ni bapa hadi karibu na ekseli ya nyuma. Baada ya hapo kuna ngazi, kwa sababu injini iko mkiani.

Gereji: Ubaya wake: ekseli ziko mbali, hivyo tumbo hugusa matuta makali. Pua haigusi, tumbo ndilo la kuchungulia, hasa springi za hewa zikivuja.

Ekseli2: Kuhusu kuachwa: Solo SR, toleo jipya la 2007, kwa kiasi kikubwa ilibadilisha sura tu, mpangilio ukabaki. Zote mbili ziliuzwa sambamba kwa muda. Kisha Euro 6, kanuni ya Ulaya ya moshi wa magari, ikabana mabasi mapya kuanzia 2014: kichujio cha masizi na mfumo wa urea wa kusafisha moshi vinahitaji nafasi na upoezaji, na mkia wa basi dogo umeshajaa. Huenda waliona gharama hiyo kuitia kwenye bodi mbili haina maana, wakaacha ile ya zamani.

Mdadisi: Kumbe. Asanteni.