Malengelenge laini na malengelenge magumu: tofauti iko wapi?

Mwanafunzi wa uuguzi, Temeke
Ndugu wanajukwaa, salaam. Wodini nimeona wagonjwa wawili wazee wenye malengelenge mwilini bila kuungua. Ya mmoja ni laini, hupasuka hata yakiguswa na shuka, na mdomoni ana vidonda. Ya mwingine ni magumu, yamejaa maji na hayapasuki upesi. Daktari anasema yote mawili huletwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe. Kwa nini basi yatofautiane hivyo?

Mwalimu wa baiolojia, Ubungo
Tofauti iko mahali ngozi inapoachana. Seli za tabaka la juu la ngozi hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa viungo viitwavyo desmosomu, ambavyo kila upande vimefungiwa nyuzi za keratini zilizotanda ndani ya seli, hivyo ngozi ikivutwa, nguvu hiyo husambaa kwa seli nyingi badala ya kuielemea moja. Katika pemfigasi, yaani ugonjwa wa malengelenge laini, kingamwili hushambulia desmogleini, protini inayoziunganisha seli jirani. Seli huachana, na paa la lengelenge huwa jembamba. Safu ya chini kabisa hubaki mahali pake, kwa kuwa imeshikizwa kwenye utando wa msingi, utando mwembamba ulio chini ya tabaka hilo la juu, kwa viungo vingine viitwavyo hemidesmosomu. Katika pemfigoidi, yaani ugonjwa wa malengelenge magumu, hizo hemidesmosomu ndizo zinazoshambuliwa, kwa hiyo tabaka lote la juu huinuka likiwa zima, na paa nene kama hilo halipasuki kirahisi.

Tabibu, Ilala
Mwalimu ameeleza vizuri. Usisahau watoto wanaozaliwa na hitilafu katika jeni za keratini ya 5 au ya 14: viungo vinavyoshikanisha seli zao ni vizima, lakini seli za safu ya chini hukatika zenyewe ngozi inaposuguliwa. Kwa wagonjwa wote hawa, tafadhali usibandike plasta ya gundi moja kwa moja kwenye ngozi, maana ukiibandua huondoka na ngozi.

Mwanafunzi wa uuguzi, Temeke
Nawashukuru sana. Na vidonda vya mdomoni je, mwalimu?

Mwalimu wa baiolojia, Ubungo
Ngozi ina desmogleini ya 1 na ya 3, na moja ikizuiwa nyingine huweza kushika nafasi yake. Utando wa mdomo hutegemea zaidi ile ya 3. Ndiyo maana pemfigasi mara nyingi huanzia mdomoni, na ngozi hufuata pale kingamwili zinapoishambulia desmogleini ya 1 pia.