Kichwa kiko kwenye sufuria

JUMAMOSI

Mama: Nani amechukua sufuria yangu kubwa, ile yenye mfuniko?

Zawadi: Si mimi 🙈

Zawadi: Muulize mwanao.

Idi: Shikamoo Mama. Ninayo mimi huku uani. Usiifunue tafadhali, kichwa bado kiko ndani. Dakika kumi tu.

Mama: Kichwa cha nani???

Idi: Changu

Mjomba: Hahahahaha

Shangazi: Yarabi! Idi unasema nini baba?

Idi: Cha fimbo jamani! Kichwa cha fimbo ya lakrosi. Nakitia rangi.

Mama: Kwenye sufuria yangu.

Idi: …

Mama: Kwenye SUFURIA yangu Idi.

Mjomba: Dada, pole. Lakini niseme mapema: hiyo sufuria isirudi jikoni. Ikishapika rangi haipiki tena kitu cha kuliwa. Hata ukiisugua ikang'aa.

Mama: Kwa hiyo nimefiwa na sufuria.

Zawadi: Tunakaa matanga siku ngapi?

Mama: Wewe nyamaza, ulijua ukanyamaza.

Shangazi: Hebu nieleze taratibu mwanangu. Fimbo ina kichwa, na kichwa kinapikwa. Habari nimeikuta katikati.

Idi: Samahani Shangazi 😂 Ni mchezo. Kuna mpini, na juu ya mpini kuna kichwa cha plastiki chenye wavu. Mpira unadakwa na kurushwa kwa ule wavu. Vichwa vingi vinauzwa vyeupe, kwa hiyo uwanja mzima mnafanana. Ndiyo watu wanavitia rangi wenyewe.

Mjomba: Na ni mchezo wa kale. Ni wa wenyeji wa Amerika ya Kaskazini, Wahaudenosaunee miongoni mwao, na fimbo ilikuwa ya mti mtupu. Plastiki imeingia juzijuzi tu, kama 1970 hivi. Olimpiki ulitolewa medali 1904 na 1908, na unarudi Los Angeles 2028.

Zawadi: Mwalimu hajaulizwa 😂

Mjomba: Nimejiuliza mwenyewe.

Idi: Kimetoka. [picha]

Mama: Kimefanywa nini, kimepigwa?

Zawadi: Goti langu siku niliyoanguka na baiskeli. Rangi zile zile.

Idi: 😭 Nilitaka mistari, bluu na nyeupe. Nikabandika tepu nyeusi ya umeme pale ninapotaka pabaki peupe, nikatumbukiza kwenye bluu. Rangi imepita chini ya tepu yote.

Shangazi: Maji yalikuwa yanatokota?

Idi: Yanatokota haswa.

Shangazi: Basi hapo. Tepu ile ikipata moto gundi yake inalegea, inateleza yenyewe. Mimi kwenye batiki nta ikipata ufa mwembamba kama unywele, rangi imeshaingia. Rangi haina aibu. Ukiiachia tundu la sindano inapita.

Shangazi: Na wewe umeshughulika na rangi tu. Umechagua bluu, umepima bluu, umekoroga bluu. Kinga umebandika kwa haraka. Mchoro uko kwenye kinga mwanangu, rangi inakuja kujaza tu.

Idi: Hilo sikulifikiria kabisa.

Idi: Naweza kuitoa kwa jiki nianze upya?

Mjomba: USITHUBUTU. Kichwa hicho ni nailoni, na klorini inaila nailoni. Utapata kichwa kilichopauka kinachokatika mazoezini.

Idi: Sasa mbona rangi imeshika vile? Nilidhani itakaa juu juu kama rangi ya ukuta.

Mjomba: Ulitia siki?

Idi: Ndiyo, kikombe kimoja. Nilisoma kwamba inasaidia lakini sikujua kwa nini.

Mjomba: Mnyororo wa nailoni una ncha zinazopenda asidi. Siki inazipa chaji chanya. Chembe za rangi zina chaji hasi. Zinavutana. Joto nalo linailegeza plastiki kidogo, rangi ikapata njia ya kuingia. Ni rangi za aina ile ile inayoshika sufu na hariri. Ikishaingia huwezi kuikwangua kwa ukucha, iko ndani ya ngozi.

Zawadi: Kwa hiyo hilo goti ni la kudumu.

Shangazi: La kudumu kama hivyo, ila linaweza kwenda mbele. Rangi hizi hazifuniki, zinapitisha mwanga. Ukitia bluu juu ya njano unapata kijani. Nyekundu juu ya bluu, zambarau. Kwenda kwenye giza unaweza, kurudi huwezi. Na nyeupe haimo kwenye kopo lolote. Nyeupe ni ile plastiki uliyoilinda.

Mama: Wifi nawe unamfundisha badala ya kumgombeza!

Shangazi: Wifi, sufuria imeshakufa. Bora ife kwa faida.

Idi: Basi hiki nakitumbukiza kwenye nyeusi. Tuzike.

Mjomba: Kabla ya kuharibu cha pili: una zile kamba nyeupe za plastiki za kufungia nyaya? Zinazokaza zikalia krrr?

Idi: Zipo, pakiti nzima.

Mjomba: Kwa kawaida ni nailoni, plastiki ya ukoo mmoja na kichwa chako. Jaribia rangi kwenye hizo. Moja dakika moja, nyingine tatu, nyingine tano. Andika kwa kalamu.

Idi: Mjomba 🙌🙌 Nimeharibu kichwa kizima na dawa ilikuwa kwenye droo.

Mama: Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

JUMAPILI

Idi: Hamjambo. [picha] Kamba kumi na nne. Njano inashika upesi, dakika mbili tu imekolea. Nyekundu tatu hadi nne. Nyeusi ndiyo mvivu: dakika tano ni kijivu chenye ukijani, nusu saa ndiyo nyeusi ya kweli.

Shangazi: Masha Allah, hiyo ndiyo kazi.

Idi: Na maji hayatokoti tena. Yanatoa mvuke na vipovu vidogo pembeni, basi. Kipimajoto kinasoma 70 na kitu.

Mama: Kipimajoto kipi?

Idi: …

Mama: Nimeacha kuuliza.

Zawadi: Mimi sijaacha. NANI AMECHUKUA RANGI ZANGU ZA KUCHA

Idi: Ndiyo nilikuwa nakuja kwenye hilo 😅

Idi: Nimejaribu kinga nne kwenye kichwa kimoja kikuukuu nilichopewa na mchezaji mwenzangu. Tepu tumeizungumza. Stika ya vinili ni nzuri kwa maumbo yenye ncha, nyota na pembetatu, ila ubavu wa kichwa umejaa matundu na mikunjo, na kila kona stika inapokunjwa inajiinua. Gundi ya moto, ile ya bunduki, inachora nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Inapendeza sana. Maji yakizidi moto inalainika na kung'oka. Ukimaliza unakitia kichwa kwenye friza, gundi inakuwa ngumu, unaibandua kwa vidole.

Mama: Friza.

Idi: Ndani ya mfuko Mama! Mifuko miwili!

Idi: Lakini mshindi ni rangi ya kucha. Inashika popote, hata ndani ya matundu, na maji ya moto hayaifanyi kitu.

Zawadi: Ile ya fedha nilikuwa nimeifungua juzi tu. Kaka unanidai uhai.

Idi: Wewe ndiye unayenidai. Nitalipa.

Zawadi: Hata kudaiwa hujui.

Shangazi: Tueleze ulivyofanya, hatua kwa hatua.

Idi: Kwanza nilitoa wavu na kamba zote, maana mara ya kwanza kamba moja niliisahau, ikaacha mstari mweupe shingoni. Nikakiosha kichwa kwa sabuni ya vyombo. Kikalala kwenye njano dakika mbili, chote. Nikasuuza kwa maji baridi, nikakausha. Halafu nikadondosha matone ya rangi ya kucha kwa brashi yake, makubwa kwa madogo. Yakakauka saa nzima. Nikatumbukiza kwenye nyekundu, kikawa cha chungwa. Matone mengine juu ya chungwa. Yakakauka. Mwisho nyeusi, nusu saa.

Shangazi: Batiki tupu hiyo. Kutoka nyepesi kwenda nzito, na kila safari unafunika unachotaka kibaki. Na ile kamba iliyoacha mstari usiidharau. Kizungushie kichwa uzi au mipira ya kufungia noti, ukaze hasa. Utapata mistari ambayo mkono hauwezi kuichora.

Idi: Hiyo naijaribu kesho!

Mjomba: Rangi ya kucha uliitoa kwa nini?

Idi: Asetoni, ile ya Zawadi ya kutolea

Zawadi: AISEE

Mjomba: Nailoni inaivumilia asetoni, sawa. Lakini jiko lilikuwa limezimwa? Mvuke wa asetoni unadaka moto kutoka mbali.

Idi: Limezimwa, na nilikuwa nje kabisa, na glavu nimevaa.

Mjomba: Vizuri. Hilo ndilo ningelala nikiliwaza.

Idi: Sasa sikilizeni. Kichwa kilipotoka kilikuwa cheusi chote, kina vijipu vya fedha kama ugonjwa. Nikasema nimeharibu tena. Nikachukua pamba, nikagusa kijipu kimoja na kuzungusha. Kwanza inatoka tope ya kijivu. Unageuza pamba, unazungusha tena, na chini yake linafunguka jicho la njano, mduara wake umekatika safi, kama jicho la paka gizani. Cha pili chungwa. Nilikaa pale saa nzima nafungua macho.

Idi: [picha]

Shangazi: Eeeeh!

Mjomba: Hiki sasa ni kitu.

Mama: Ni kizuri. Sufuria bado nimekasirika lakini ni kizuri.

Zawadi: Kile kidole ni nini hapo ubavuni? Kuna alama ya dole gumba.

Idi: 😩 Yangu. Nilikishika kabla sijavaa glavu, baada ya kukiosha. Mafuta ya mkono yameizuia njano isishike vizuri, kila mkunjo wa kidole unaonekana.

Shangazi: Umetia sahihi. Kiache.

JUMANNE

Zawadi: Natoa taarifa kwamba nimelazimishwa kushika kichwa cha mtu kwa dakika sita nikikiingiza na kukitoa kwenye maji.

Idi: Tulikuwa tunafifisha. Chini bluu nzito, juu inaisha kama ukungu. Siri yake mkono usisimame. Ukitulia hata kwa nusu dakika maji yanachora mstari, na mstari hautoki.

Zawadi: Mstari upo. Nilipiga chafya.

Idi: Upo, lakini uko upande wa nyuma.

Mjomba: Na umbo lake? Nailoni ikiwa ya moto inanyumbulika.

Idi: Ndiyo, hiki kiliegemea ukingo wa sufuria kikapinda. Nikakirudisha kwenye maji ya moto, nikakinyoosha kwa mikono miwili, nikakiingiza kwenye ndoo ya maji baridi nikiwa nimekishikilia. Kimekaa. Refa akipima kipimo chake, nisiwe nimeadhibiwa kwa sababu ya urembo.

Mjomba: Na kipe siku mbili kabla ya kufunga wavu. Nailoni inakunywa maji, ikiwa imelowa inakuwa laini kuliko ilivyozoea.

Idi: Kuna moja limenishinda. Povu la kunyolea. Wanaocheza gofu ya diski, ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki, wanamwaga povu kwenye sinia, wanadondosha rangi juu, wanachora mizunguko kwa kijiti, wanalaza diski, na inatoka na mawimbi kama jiwe la marumaru. Nimefanya hivyo hivyo. Nimelaza kichwa usiku kucha. [picha]

Zawadi: Hapo kuna rangi?

Idi: Ukikisogeza dirishani.

Shangazi: Povu ni baridi mwanangu.

Mjomba: Baridi, na huenda siki hukutia. Isitoshe diski ni bapa, inalala kifudifudi uso wote. Kichwa chako kimejaa migongo, povu limegusa kingo tu, penye hewa pamebaki peupe.

Idi: Kwa hiyo nipashe moto povu?

Mjomba: Povu likipata moto linabaki maji.

Shangazi: Kwenye kitambaa mimi hutumia uji mzito. Nachanganya rangi kwenye kitu kizito, naipaka kwa brashi, halafu naitia mvuke. Kizito hakikimbii, na mvuke unaleta joto. Mwanangu, kifunge hicho kichwa kwenye mfuko, ukining'inize juu ya maji yanayochemka, kisiguse maji.

Idi: Shangazi!!! Mvuke!

Idi: Nitahitaji sufuria ndefu kidogo.

Mama: Idi.

Idi: Natania Mama. Ile ile inatosha, nitaweka matofali mawili ndani.

Mama: [picha] Na kuanzia leo inaandikwa hivi, nimeandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, pande zote mbili na kwenye mfuniko: YA IDI. SI YA KUPIKIA. Anayetaka kingine aje kwangu aniulize kwanza.

Zawadi: Na rangi zangu za kucha?

Idi: Ijumaa.

Shangazi: Idi, nina kitana cheupe, huwa naona kimeandikwa nailoni kwa ubavuni. Ukiwasha maji ya zambarau unistue.

Idi: Tayari ninayo nafasi yako Shangazi 😂

Bibi: Hamjambo wajukuu zangu. Simu ilikuwa imezima tangu Ijumaa, ndiyo nafungua sasa nasoma kutoka juu. Kichwa cha nani kimo kwenye sufuria?