Tupeane uzoefu: ulikosea kwenye mfarishi wa rafiki, ukauokoaje?

Bandi Ndefu: Jamani, jana sikulala. Namshonea rafiki yangu mfarishi wa viraka, safu 12 kwa 12, wenye picha za ndege. Tabaka zote tatu (viraka juu, pamba katikati, kitambaa chini) nimeshaziunganisha na mistari ya cherehani imepita nusu. Nikautandika sakafuni niutazame kwa mbali, kumbe kiraka kimoja cha safu ya nne kimegeuka. Ndege wote wamesimama, yule mmoja kichwa chini. Waliowahi kupatwa na haya, mlifanyaje?

Kingo Nne: Fumua. Pole sana, lakini fumua.

Mama Bobini: Usifumue! Ukifumua kiraka cha katikati utagusa na majirani zake wote. Kata kiraka kingine kama kile, kunja kingo robo inchi kwa ndani, piga pasi, kilaze juu ya kilichogeuka ukishone kwa mkono, mishono ya kujificha. Halafu rudishia mistari juu yake. Mimi nilifanya hivyo na mwenyewe hajajua mpaka leo.

Kingo Nne: Hajajua, au hajakwambia? Zawadi ya rafiki unaifichia siri ya nini?

Mama Bobini: Sikuficha siri, nilitengeneza palipoharibika. Hayo ni mambo mawili.

Uzi wa Kijani: Mimi kosa langu lilikuwa la vipimo. Kila mshono nilikula milimita moja zaidi kila upande. Utadhani si kitu, ila safu 12 zina mishono 11, kwa hiyo zaidi ya sentimita 2 zikayeyuka na pembeni pakakataa kukutana. Niliongeza ukanda mwembamba kuzunguka ukingo. Siku hizi nashona viraka viwili vya majaribio, napima, ndipo naendelea.

Pamba Nyepesi: Nimesoma neno "kuficha" nikashindwa kunyamaza. Rafiki yangu alifiwa na mama yake, akaniletea magauni ya marehemu nimshonee mfarishi. Magauni matano. Nilikata kwa uangalifu ambao sijawahi kuuweka kwenye kazi yoyote. Siku ya mwisho nikawa napunguza kitambaa cha chini kilichozidi pembeni. Upande mmoja wa mfarishi ulikuwa umejikunja chini ya mkono wangu, sikuuona. Mkasi ukapita. Nilisikia kwa vidole kabla ya macho, ule uzito wa tabaka nyingi kuliko inavyopaswa. Nilipoinua, gauni la bluu lilikuwa na tundu refu kama kidole, limepenya tabaka zote tatu.

Kitambaa kile hakinunuliki popote. Niliketi pale pale sakafuni, sijui muda gani. Nikampigia nikamwambia. Hakunijibu. Alikuja jioni, akaukunja mfarishi vilevile na pini zake, akaondoka nao. Wiki mbili hatukusemeshana.

Sindano Saba: Mungu wangu.

Kingo Nne: Ikawaje? Aliurudisha?

Kiraka cha Tatu: Niwaulize kidogo: chekundu kimechuja kwenye cheupe baada ya kufua. Nifanyeje?

Sindano Saba: Siki na chumvi.

Uzi wa Kijani: Siki haisaidii kwenye pamba, dada, utapoteza muda. Kwanza usiuache ukauke na usiupige pasi, joto la pasi litagandisha doa. Loweka kwenye maji ya moto mengi, mfarishi uelee, na sabuni ya maji ya vyombo ya kutosha. Maji yakibadilika rangi, mwaga uanze upya, hata mara nne au tano, mpaka yabaki meupe. Na mara nyingine fua vitambaa kabla ya kukata.

Mama Bobini: Wengine hatufui kwanza, tunapenda ule mkunjomkunjo wa mfuo wa kwanza. Jaribu tu kipande kidogo kwenye maji ya moto uone kama kinachuja. Lakini tumwache Pamba Nyepesi amalize.

Pamba Nyepesi: Aliurudisha. Ndani yake alikuwa ameweka mfuko wa lile gauni la bluu, ule niliomrudishia pamoja na mabaki. Akasema, "Shona hapa." Nilikutanisha kingo za pamba bila kuzipandisha, maana zikipandana hufanya kituta, nikazishika kwa mishono mikubwa ya mshazari. Nikaziba chini kwa kipande cha kitambaa kilekile cha chini, na juu nikashona mfuko pande tatu, mdomo nikauacha wazi. Mama yake alikuwa anaweka miwani humo.

Mwenzangu bado hajaniambia kama amenisamehe. Mfarishi anaulalia.

Sindano Saba: Nimelia.

Mama Bobini: Kingo Nne, hapo nimekuelewa. Kama ni kitu cha mtu, lazima umwambie. Ndege wa Bandi Ndefu ni kitambaa cha dukani, sibadili neno.

Kingo Nne: Nakubali nusu.

Kiraka cha Tatu: Maji ya tatu, bado ya waridi. Naendelea.

Bandi Ndefu: Nimempigia, nimemwambia. Ameuliza ndege yupo safu ya ngapi. Anataka abaki vile, ila mimi jicho langu linakataa. Leo usiku nakata kiraka kipya. Mama Bobini, mishono ya kujificha, uzi wa rangi ya ndege au ya kitambaa cha nyuma yake?

Mama Bobini: Wa rangi ya kiraka unachokilaza juu. Na sindano nyembamba.