Eti jaketi langu linaharibu majani! Huyu mtu wa safari za Montreal ana nini lakini?

Wakuu, salamu baadaye. Nimeingia nyumbani Scarborough, hapa Toronto, sasa hivi, viatu sijavua, hapa hasira ndiyo inayoandika.

Huyu mtu mnamjua. Simtaji. Yule wa kuandaa safari za wikendi, mwenyeji wa kila mji, bereti kichwani kuanzia Septemba mpaka theluji iyeyuke. Kama humjui basi bado hajakukopa.

Safari hii katupeleka Montreal kuangalia majani ya miti ya mepo (maple) yakigeuka rangi, wikendi ndefu ya Shukrani. Zaidi ya kilomita 500 kwenye basi dogo, barabara ya 401 imefunga kwa foleni, na yeye kashika kipaza sauti utadhani konda wa Mbagala aliyeteuliwa uwaziri. Nikavumilia. Nimelipa, nitafanyaje?

Tukapandishwa Mont Royal. Wanauita mlima, mita 233. Mimi ni mtu wa Marangu jamani, kitu cha mita 233 kwetu tunakipanda migomba. Lakini nikaheshimu, nikazipanda zile ngazi za mbao mpaka magoti yakaanza kuniita jina langu la ubatizo. Tukafika pale Kondiaronk, ule uwanja wenye ukuta wa mawe, maghorofa yote ya katikati ya mji yako chini yako na mto Saint-Laurent kule nyuma. Miti myekundu, ya njano, mingine kama inawaka. Kuzuri, sisemi uongo.

Watu wakajipanga picha ya pamoja. Na mimi nikajipanga. Tumbo nimeshalivuta ndani, tabasamu nimeshaliweka. Ndipo huyu mtu akasema, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye meli kule mtoni:

"Dada, hebu toka uje utupige wewe. Hilo jaketi lako linaharibu majani."

LINAHARIBU. MAJANI.

Jaketi ni la zambarau, ndiyo. Limenivusha baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, halijawahi kumkosea mtu. Basi zima likacheka. Mpaka kale kamama kalikokuwa kananiombea njiani kakacheka. Na mimi, kwa mshtuko, nikaishika simu NIKAWAPIGA. Picha ipo, wamependeza, mimi simo!

Baada ya hapo sikuona mji tena. Akatuambia bustani ile ya mlimani ilichorwa na Olmsted, yuleyule wa Central Park ya New York, ikafunguliwa 1876. Pengine ndilo neno pekee la kweli alilosema tangu tutoke Toronto, nami nikawa nalisikia kwa mbali: linaharibu majani, linaharibu majani. Tukaenda Oratoire Saint-Joseph, lile kanisa kubwa. Kuna ngazi 283 pale, na katikati 99 za mbao wameachiwa mahujaji wanaopanda kwa magoti. Nikapiga magoti. Nikapanda nikimwombea ateleze.

Majani yenyewe yanaanguka wiki ijayo! Jaketi langu lipo! Nani kamharibu nani hapo?

Naomba kuwasilisha. Nikipoa nitarudi.

—

Mkaa_Kibarazani: Uzi bila picha ya jaketi haujakamilika. Lete tuamue.

Bata_Mzinga: Nimekaa siti ya mbele. Ila mkuu, zambarau katikati ya mepo... mimi nanyamaza tu.

Mama_Pilipili (mwanzisha uzi): Bata_Mzinga nyamaza kweli. Mnajua alivyosema? Alianza na "Dada, hebu". HEBU!

Kipanga wa Kigogo: Wewe umetolewa kwenye picha, mimi nimetolewa hela. Mwaka jana huyuhuyu alinielekeza pa kuegesha. Mnajua vibao vya Montreal? Mlingoti mmoja, vibao vinne, kila kimoja na mshale wake, saa zake, siku zake, kingine kinaanzia "1 AVRIL" kinaishia "1 DÉC". Nikamwuliza, bwana, hapa panaruhusiwa? Akakisoma kibao chote kwa midomo, akatikisa kichwa kama profesa, akasema "Kabisa." Narudi, karatasi ya faini iko kwenye kioo. Kumwuliza tena ananiambia kuwa sheria imebadilika tukiwa tunakula.

Sista_Du: Kipanga 😂😂 nawe ukakata kulia taa nyekundu kama Toronto, si ndiyo? Kisiwa cha Montreal kule hairuhusiwi.

Kipanga wa Kigogo: Sitaki kuliongelea hilo.

Mutoto_wa_Lushi: Bandugu, miye naishi Montreal. Huyo muntu tunamujua. Alikuya ku soko ya Jean-Talon, mama anamuuliza anataka kilo ngapi ya pomme (tufaha), yeye anajibu "merci". Anamuuliza tena, "merci". Akapewa mufuko muzima, akalipa. Njo Kifaransa yake ile.

Mkaa_Kibarazani: Kwani majani lazima Montreal? Sisi wa Ottawa tunavuka mto tu, Gatineau hiyo hapo. Hakuna ngazi wala bereti.

Mutoto_wa_Lushi: Gatineau nayo ni Québec, papa. Utavuka utakuta ARRÊT kwa kibao.

Mkaa_Kibarazani: Nasimama tu, sihitaji kulitamka.

Mama_Pilipili: Jamani turudi kwenye mada. Watu walicheka. Kamama kalicheka.

Bata_Mzinga: Kamama kana macho.

Sista_Du: Mimi shida yangu ni ile poutine. Viazi vimekaangwa vizuri kabisa, vina ukavu wake, halafu mtu anavimwagia mchuzi wa kahawia na vipande vya jibini vinavyolia kwenye meno. Chipsi zimekosa nini? Si wangeweka mayai tu wamalize?

Kipanga wa Kigogo: Mgeni wa chipsi mayai huyo. Poutine saa saba usiku, baridi inapiga, utaikumbuka mpaka kaburini.

Mutoto_wa_Lushi: Poutine bila pilipili ni chakula ya hospitali. Miye natembea na yangu mu mufuko.

Sista_Du: Bora zile bagel, mkate za shimo, zinazochemshwa kwenye maji ya asali zikaingia tanuri la kuni. Zikiwa za moto huhitaji hata siagi. Hapo nawapa heko.

Mama_Pilipili: Hata mimi nilizila. Nililia huku nakula. Nilikuwa nimevaa JAKETI.

Mkaa_Kibarazani: Sista_Du umesema chakula umenikumbusha. Kuna mtu anatoka Montreal kuja Ottawa Ijumaa? Nina mzigo wa dagaa, umekwama kwa shemeji yangu huko.

Kipanga wa Kigogo: Wa Mwanza au wa Kigoma?

Mkaa_Kibarazani: Kigoma.

Bata_Mzinga: Mimi napita Jumamosi asubuhi. Robo yangu.

Mkaa_Kibarazani: Robo ya dagaa wa Kigoma kwa kukaa tu garini? Umelogwa?

Sista_Du: Mpe robo, vinginevyo watasafirishwa na mwenye bereti.

Mkaa_Kibarazani: Bata_Mzinga njoo PM.