Mjadala: Je, Pitch Perfect inauamini uimbaji inaousifu?

Tangu filamu ya Pitch Perfect ilipotoka mwaka 2012, watazamaji wake wamegawanyika. Wako wanaoiona kuwa kichekesho kilichosukwa vizuri kuhusu vikundi vya vyuo vikuu vya Marekani vinavyoshindana kuimba bila ala, na wako wanaoiona kuwa hadithi ileile ya timu dhaifu inayoishia kutwaa kombe. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalikwepa swali lenyewe: je, filamu hii inauamini uimbaji inaousifu?

Inauamini sana katika lile pambano la usiku, ndani ya bwawa la kuogelea lisilo na maji. Kikundi kimoja kinapoimba, kingine hakina budi kudaka neno lililo midomoni mwa wenzao na kulitumia kuanzishia wimbo mwingine. Beca, mhusika mkuu wa kikundi cha wasichana, anayeigizwa na Anna Kendrick, anaanza peke yake huku wenzake wakimkodolea macho wasijue waingilie wapi. Kisha mmoja anashika sauti ya pili, mwingine anaongeza mdundo, na wasichana waliokuwa wakigombana wanakuwa kitu kimoja bila hotuba yoyote ya mshikamano. Halafu wanashindwa, kwa kuwa neno alilolidaka Beca halikulingana sawasawa na lile lililotakiwa! Kwangu mimi, ukali wa sheria hiyo unachekesha kuliko matapishi yote ya onyesho la mwanzo.

Lipo pia jambo linalopitwa na wengi. Kikundi cha wanawake peke yao hukosa besi, yaani sauti nzito ya chini kabisa, na wimbo usio na ala hukosa msingi pasipo besi. Chloe, mwenzake Beca kikundini, anapofanyiwa upasuaji wa vinundu kooni anapoteza sauti za juu, lakini anagundua kwamba sasa anaweza kushuka chini kabisa. Mwandishi wa filamu, Kay Cannon, ameligeuza tatizo halisi la upangaji wa sauti kuwa tukio la hadithi, na hilo ni jambo la kustahili sifa.

Udhaifu unaonikera ni kwamba sauti zimepigwa msasa mno, kiasi kwamba ukifumba macho husikii pumzi wala ukumbi. Katika usaili, Beca anaimba akijipigia mdundo kwa kikombe tu, na hapo ndipo tunapomwamini. Lakini toleo la wimbo huo lililopelekwa redioni, uliposhika nafasi ya 6 katika Billboard Hot 100, chati ya nyimbo maarufu za Marekani, mwaka 2013, lilikuwa limekwisha kuongezewa ala.

Kuhusu mizaha ya maumbile na asili za watu, watetezi hutaja Fat Amy (yaani Amy Mnene), anayeigizwa na Rebel Wilson, anayejiita hivyo mwenyewe ili wembamba wasimwite hivyo kisogoni. Nakubaliana nao kuhusu Amy, kwa sababu yeye ndiye anayeushika usukani wa mzaha. Siwezi kukubaliana nao kuhusu Lilly, msichana mwenye asili ya Asia ambaye mzaha wake karibu wote ni kwamba hasikiki anapozungumza. Ni kweli kwamba katika fainali anapiga midundo kwa mdomo na ukumbi unashangilia, lakini anayeona kuwa hilo linatosha atueleze kwa nini alisubirishwa mpaka wimbo wa mwisho.