Jibu la uboreshaji hubadilika kila nikibadilisha vipimo vya kuanzia

Muulizaji:
Salaam wanajukwaa. Ninasanifu kishikilio cha mota cha chuma chenye vipimo 3 vinavyoruhusiwa kubadilika, yaani unene wa bamba, kimo cha ubavu unaoliimarisha na umbali wa tundu la bolti kutoka ukingoni. Lengo ni kupunguza uzito, kwa sharti kwamba mkazo usizidi megapaskali 160. Nikianza na unene wa milimita 6, programu ya kompyuta ninayotumia kutafuta vipimo bora husimama baada ya mizunguko 4 na kutangaza kwamba imepata jibu bora. Nikianza na milimita 10, hunipa umbo jingine kabisa, zito zaidi, na hilo nalo hulitangaza kuwa bora. Kiwango cha kusimamisha utafutaji, yaani badiliko dogo la jibu ambalo programu ikilifikia huacha kutafuta, ni asilimia 1, kama nilivyokikuta. Je, nikikishusha hadi asilimia 0.01 tatizo litaisha?

Mchangiaji wa kwanza:
Halitaisha, ndugu yangu. Kiwango hicho huiambia programu wakati wa kuacha kutafuta, wala hakiielekezi pa kutafuta. Bila shaka umechagua njia inayofuata mteremko, yaani inayobadilisha vipimo kidogo kidogo kuelekea upande ambako uzito unapungua, nayo hutulia kwenye bonde la kwanza inalolikuta. Wewe umeanzia pande mbili za kilima, ukaishia kwenye mabonde mawili. Kwanza pitia eneo lote kwa hatua pana. Vipimo 3 vyenye thamani 5 kila kimoja ni chambuzi 125, na kama uchambuzi mmoja huchukua dakika 4, hizo ni saa 8 na dakika 20, kazi ya kuiachia kompyuta usiku. Ukiona kwamba tundu la bolti haligusi uzito wala mkazo kwa kiasi cha maana, liondoe, zibaki chambuzi 25 tu. Kisha uanzishe njia ya mteremko kutoka kwenye umbo jepesi kuliko yote yaliyotimiza sharti.

Mchangiaji wa pili:
Nakubaliana naye, ila kabla hujaiacha kompyuta usiku kucha, kagua wavu wako, yaani vipande vidogo ambavyo programu huligawa umbo ili kukokotoa mkazo. Kila kipimo kinapobadilika programu huufuma wavu upya, na mkazo huruka kidogo hata pale ambapo umbo halijabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Ukidai usahihi wa asilimia 0.01 juu ya namba zinazorukaruka kwa asilimia 2, programu itafukuza kelele za wavu, yaani mirukoruko isiyotokana na umbo lenyewe. Jaribu hivi: ongeza unene kwa milimita 0.05 mara 10, huku vipimo vingine umevifunga, kisha chora mkazo dhidi ya unene. Mstari ukiwa na meno, ongeza ukubwa wa hatua ambayo programu hutumia kukadiria mteremko. Halafu, mkazo huo unausoma wapi? Kama ni kwenye kona kali ya ndani, isiyo na mviringo, namba itazidi kupanda kadiri unavyoufanya wavu kuwa na vipande vidogo zaidi, na sharti lako halitakuwa na maana yoyote.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Mstari una meno kweli, na mkazo nilikuwa nausoma kwenye kona pale ubavu unapokutana na bamba, mahali ambapo sikuwa nimechora mviringo wowote. Nimeweka mviringo wa milimita 3 na meno yamepungua sana. Chambuzi 125 nitaziwasha leo usiku, kiwango kikibaki asilimia 1.